Kabati Lenye Homa

Maiti ilikuwa mezani, imetolewa mfuniko, na skrubu zake zimewekwa pembeni kwenye kisahani cha chai.

"Huyu ni wa pili," alisema Mzee Kashaija. "Wa kwanza yuko stoo."

Mkaguzi Msaidizi Kokugonza, Polisi Kata wa Mabira, alivua kofia. Aliivua kwa sababu sebule ilikuwa na joto, lakini Mzee Kashaija aliona ni heshima kwa marehemu, na yeye akainamisha kichwa kidogo.

Marehemu alikuwa king'amuzi cha dishi, cheusi, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Alikuwa ameishi katika nyumba hiyo muda mfupi, bila ugomvi na mtu, akazimika katikati ya taarifa ya habari na hakuwaka tena. Mrithi wake, king'amuzi cha tatu, alikuwa tayari ndani ya kabati la televisheni, taa yake ya kijani ikiwaka. Kwa maelezo ya familia, naye alikuwa ameanza kuonyesha dalili.

"Dalili gani, mzee?"

"Kwanza anapata joto. Halafu picha inaganda, mtangazaji anabaki mdomo wazi. Halafu giza." Mzee Kashaija alisita, akatazama mlango, akapunguza sauti. "Na kabla ya hapo anapumua."

"Anapumua."

"Kama mtu aliyelala. Fsss. Kimya. Halafu tena, fsss. Afande, mimi ni mzee wa kanisa, sizungumzi mambo ya waganga. Lakini hicho kitu kinapumua."

Kokugonza aliliweka hilo kando kwa muda. Sheria haina kifungu cha vifaa vinavyopumua.

"Na unamshuku nani?"

"Simshuku mtu. Namjua. Ni Leonidas."

Leonidas alikuwa kibarua wa Mzee Kashaija. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa hukuhuku Kyerwa, na kwa miaka mingi alikuwa akiishi na mkewe Nikuze katika nyumba ndogo waliyojijengea pembeni mwa shamba la mzee, kwa ruhusa ya mzee. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mfupi. Upepo ukisukuma dishi, yeye ndiye aliyepanda juu ya paa kulinyoosha. Alipanda, king'amuzi cha kwanza kikafa. Akapanda tena, cha pili kikafa. Aidha, siku za karibuni mzee alimnyima kona ya bondeni aliyotaka kulima maharage, kwa hiyo ana kinyongo.

"Dishi liko nje," alisema Kokugonza. "King'amuzi kiko ndani."

"Waya ni mmoja," alijibu Mzee Kashaija kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga hoja.

Hoja hiyo ilikuwa imetosha kwa mwenyekiti wa kitongoji, Byarugaba. Aliitisha kikao, akamsikiliza mzee, akamsikiliza Leonidas aliyesema maneno machache tu, na akaamua: Jumapili Leonidas na mkewe wawe wameondoka shambani. Hawakuwa na kiwanja kingine, wala ndugu wa kuwapokea. Kokugonza alizisikia habari hizo kwa mtu wa bodaboda, na ndiyo maana Alhamisi hiyo asubuhi alikuwa amesimama mbele ya maiti. Alitaka kujua chanzo cha kifo kabla mtu hajahamishwa kwa ajili yake.

Aliinama akachunguza. Hakukuwa na dalili ya kupigwa wala ya kuingiwa na maji. Panya hawakuhusika, waya zote zilikuwa nzima. Lakini plastiki upande mmoja ilikuwa imelegea na kupinda kama mshumaa uliosahauliwa dirishani, na ubao wa ndani, ambao ulipaswa kuwa wa kijani, ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa.

"Amekufa kwa joto," alisema.

"Joto la nini?" aliuliza Mzee Kashaija. "Huku kwetu mwezi huu tunalala na mablanketi mawili."

Swali lilikuwa zuri. Kokugonza aligeukia kabati.

Lilikuwa kabati la mbao za mivule, pana, refu hadi kifuani. Juu yake ilikaa televisheni. Katikati palikuwa na nafasi ya king'amuzi, yenye mlango wa kioo. Chini palikuwa na milango miwili ya mbao iliyofungwa kwa kufuli. King'amuzi cha tatu kilikuwa kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kilichokifunika chote hadi miguuni kama bibi harusi.

"Kitambaa hiki nani amekiweka?"

"Mimi," ilijibu sauti mlangoni. "Nilikifuma mwenyewe."

Aliyeingia alikuwa Mackrine, mke wa mzee, ambaye kitongoji kizima kilimwita Mama Edgar. Alibeba sinia la chai na bakuli la kahawa za kutafuna, na alipita taratibu kati ya vyombo viwili vya maua vilivyojaa matawi ya mkaratusi. Sebule yote ilinuka mkaratusi. Ilinuka kama dawa ya kifua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa chai. Mzee ana mafua, ndiyo maana nimeweka majani."

"Sina mafua," alisema Mzee Kashaija.

"Unayo. Hujui tu."

Kokugonza alikivua king'amuzi nguo. Matundu ya hewa yalikuwa juu yake, yamepangwa kama meno ya kitana, na hewa iliyotoka hapo ilikuwa ya moto. Akaeleza, kwa sauti ya kiserikali, kwamba kifaa cha namna hii hakina mapafu mengine zaidi ya matundu hayo, na kwamba kukifunika ni sawa na kumfunika mtu uso kwa mto.

Mackrine alisikiliza kwa makini. "Basi mimi ndiye niliyemuua," alisema. "Kwa kitambaa."

Alikiri upesi mno. Watu wanaokiri upesi mara nyingi wanakuwa na kosa lingine wanalolikalia. Kokugonza alikunja kitambaa, akakiweka mezani, akaomba televisheni iwashwe, akaketi na chai yake. Walitazama kipindi cha mapishi. Mpishi alikuwa anakatakata karoti pale picha ilipoganda, kisu juu. Halafu giza.

Kitambaa kilikuwa mezani, mbali. Kwa hiyo hakikuwa na hatia.

Na katika kimya kilichofuata, kutoka mahali fulani ndani ya kabati, kitu kilisema: *fsss*.

"Umesikia?" alinong'ona Mzee Kashaija.

"Ni mbao," alisema Mackrine. "Mbao zikipata joto zinalia."

"Huwa mnakizima usiku?" aliuliza Kokugonza.

"Hapana. Fundi alikataza kabisa. Alisema tukikizima kitapoteza chaneli. Kinawaka usiku na mchana."

"Na huku chini, kwenye kufuli?"

"Vyombo vya wageni." Mkono wa Mackrine uligusa fundo la kanga kiunoni, mahali ambapo wanawake huhifadhi funguo. "Jumamosi tunakwenda Nyakakika kwa wakwe wa Edgar, kupeleka mahari. Sitaki watoto wa jirani wavivunje."

"Tunapeleka ng'ombe na kreti za soda," aliongeza Mzee Kashaija, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nimewaambia watu wa Edgar, nimewaambia na wakwe kwa simu. Rubisi ni pombe hata kama ni ya ndizi, na haitoki katika nyumba hii. Nilipookoka niling'oa migomba yote ya embire, ile ya kukamulia pombe, nikapanda maparachichi. Siwezi kung'oa migomba halafu nikabeba pombe kibuyuni."

Mackrine alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Kokugonza alikuwa mtoto wa hukuhuku. Alipotolewa mahari yeye, baba zake wadogo walikataa kuketi hadi kibuyu cha rubisi kilipowekwa mbele yao na mrija wake, na upande wa bwana ulikaa uani juani mpaka mtu alipokimbizwa kukitafuta. Alishukuru kwa chai, akavaa kofia, akatoka.

Fundi Adelard alikuwa na kibanda senta, kimejaa ving'amuzi vilivyofunguliwa vifua. Feni ndogo ilikuwa inavipulizia. Yeye mwenyewe alikuwa anatoka jasho.

"Afande, usiniambie ni kwa Mzee Kashaija tena."

"Ni kwa Mzee Kashaija tena."

Adelard aliweka chini chombo cha kuchomelea. "Mimi sijaua kitu pale. Watu wanasema nawauzia vibovu. Sikiliza. Ving'amuzi haviuawi na wachawi, vinauawa na watu wanaovipenda. Huyu anakivika sweta. Yule anakilaza juu ya redio kubwa, moto juu ya moto. Mwingine anakiweka dirishani jua likichomoza. Kuna mchungaji mmoja alikiweka ndani ya droo akaifunga, ili kisiibiwe. Hakikuibiwa."

"Na kwa Mzee Kashaija ulifanya nini?"

"Kila kitu. Alipokufa wa kwanza nilikwenda na drili. Nilitoboa matundu nyuma ya kabati, mengi, kama chujio. Nikalisogeza mbele, likaachana na ukuta. Hewa inaingia nyuma, inapita, inatoka. Halafu nikawaambia, mkimaliza kutazama zimeni kwenye soketi, kipumzike."

"Uliwaambia wazime?"

"Kujua nini kizimwe na nini kisizimwe ndiyo kazi yangu, afande. Nilisema wazime. Nilimwambia mama mwenyewe, tumesimama hivi na hivi."

"Yeye anasema ulikataza."

Adelard alimtazama kama mtu aliyesingiziwa kuoa. "Mama Edgar amesema hivyo? Yule mama alinielewa vizuri kuliko wote. Hata aliuliza swali. Alisema, mwanangu, na kama hakizimwi, hilo kabati ndani litakuwa na joto kiasi gani? Nikamwambia, mama, litakuwa kama kuku anayeatamia."

"Akasemaje?"

"Akashukuru." Adelard alikuna shingo. "Sasa ukiniuliza vizuri, naona alifurahi."

Kokugonza alinunua maji ya kunywa, akapanda bodaboda, akarudi Mabira kwa njia ya shamba.

Leonidas alikuwa juu ya paa la nyumba yake. Alikuwa anang'oa misumari ya bati, mmoja baada ya mwingine, na kuiweka mdomoni. Chini, Nikuze alikuwa anafunga sufuria ndani ya shuka. Alipomwona askari hakuacha kufunga.

"Karibu, afande," alisema. "Viti vimeshafungwa. Utatusamehe."

"Nitasimama. Leonidas, shuka tuongee."

Alishuka, akatema misumari kiganjani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kawaida ya kutazama mikono yake anapoongea.

"Uligusa king'amuzi cha mzee?"

"Sikukigusa."

"Unajua nani aliyekigusa?"

Leonidas alihesabu misumari yake.

"Nimekuuliza."

"Umeniuliza ile ya kwanza, nimejibu. Hii ya pili usiniulize, afande."

"Mwambie," alisema Nikuze, bila kuinua kichwa. "Au nimwambie mimi?"

"Nikuze."

"Jumapili tunalala wapi? Huo mdomo wako utatufunika mvua ikinyesha?"

"Nilitoa neno," alisema Leonidas. "Nikishatoa neno nimetoa."

Nikuze alikaza fundo la shuka kwa nguvu iliyotosha kufunga ng'ombe.

Kokugonza alizunguka nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na migomba michache, na kwa kuwa alikulia migombani alitambua mara moja ni ya aina gani. Ilikuwa embire. Ndizi zake hazipikwi wala hazimfurahishi mtu kwa chakula. Zimeumbwa kwa kukamuliwa. Mikungu ilikuwa imekatwa karibuni. Chini ya mgomba wa mwisho, mbuzi alikuwa amesimama juu ya lundo la maganda ya ndizi mbivu, akila kwa heshima zote. Pembeni palikuwa na majani makavu yaliyokanyagwa na kusokotwa, na juu yake zimetawanyika punje za mtama uliokaangwa, ule wa kuchachulia.

Alirudi mbele.

"Leonidas, wewe unakunywa?"

"Hapana. Tumbo langu halitaki."

"Nikuze?"

"Mimi ni Mkatoliki," alisema Nikuze, "lakini hapana."

"Mnauza?"

"Uliza jirani yeyote. Hatujawahi."

Basi kulikuwa na lundo la maganda la kutosha kumshibisha mbuzi siku nzima, kulikuwa na mtama, kulikuwa na miguu ya mtu aliyekanyaga, na hapakuwa na mnywaji. Juisi ya mikungu yote hiyo ilikuwa imekwenda mahali. Kokugonza alifikiria usiku wa Mabira katika kiangazi, jinsi baridi inavyoshuka kutoka vilimani. Kila mpishi wa rubisi anajua kwamba juisi ikipata baridi inalala, haichachuki, inabaki kuwa sharubati ya watoto. Inahitaji kufunikwa. Inahitaji kulala mahali pa joto, joto lisilokatika.

"Misumari hiyo usiipoteze," alimwambia Leonidas, akaondoka.

Mzee Kashaija alikuwa amekwenda kukagua kahawa. Mackrine alikuwa peke yake sebuleni, anabadilisha mkaratusi. Kokugonza hakusalimu mara ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akapitisha mkono nyuma yake, kati ya mbao na ukuta.

Nafasi aliyoiacha Adelard haikuwepo tena. Kabati lilikuwa limesukumwa hadi mkono ukapita kwa shida. Matundu aliyotoboa yalikuwepo. Lakini kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa, kwa ustadi, kama mtu aliyeziba chupa. Alichomoa kimoja, akakileta kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha kanga. Kilinata, na kilinuka utamu ulioanza kuwa uchungu.

Alikiweka mezani, karibu na marehemu.

"Mama Edgar, Adelard alisema kizimwe. Wewe umesema alikataza. Alitoboa matundu, yamezibwa. Leonidas ana embire, wewe huna. Na ndani ya kabati la vyombo vya wageni kuna kitu kinapumua."

Mackrine aliketi. Aliweka mkaratusi mapajani.

"Ile ya kwanza iliharibika," alisema. "Nilikuwa najaribu. Kazi ya rubisi ni ya wanaume, mimi sijawahi hata kusogelea mtumbwi wa kukamulia. Leonidas akanikamulia, akaniletea ndani ya dumu. Nikaificha jikoni, ikapata baridi, ikalala. Ndipo nikaona hapa. Nikaweka mkono juu ya kile kifaa, nikaona kina joto zuri, halizimi, halina moshi, hakuna anayeuliza. Nikaliweka dumu huku chini, nikalivika blanketi, nikalibana kabati ukutani ili joto lisitoke. Ikachacha kupita kiasi, ikawa siki. Na king'amuzi kikafa. Adelard akatoboa matundu, nikayaziba, na ya pili ikawa hivyohivyo. Hii ya tatu ndiyo imekaa vizuri."

"Na viwili vikafa."

"Vitu vinanunuliwa. Edgar ni mmoja." Alisema bila machozi. "Wale watu wa Nyakakika watakubali soda mdomoni. Moyoni watasema tumewadharau. Watamkalisha mwanangu juani. Mzee anafikiri wokovu wake unawahusu na wakwe."

"Leonidas je?"

"Nilimwambia anyamaze hadi Jumamosi. Jumamosi ikipita ningesema."

"Leonidas anang'oa bati leo."

Mackrine aliutoa mkaratusi mapajani, akaurudisha chomboni.

"Kuna mechi saa kumi," alisema Kokugonza. "Watu watajaa hapa. Mwenyekiti atakuwepo, mzee atakuwepo, na nitamwita Leonidas. Alihukumiwa mbele ya watu, atasafishwa mbele ya watu. Nitaeleza chanzo cha kifo. Jina la mtu sitalitaja hadi nilazimike. Kuanzia sasa hadi hapo una muda wa kusema mwenyewe."

Saa kumi sebule ilikuwa imejaa, na king'amuzi cha tatu, kilichokuwa kimepoa bila kitambaa chake, kilikuwa kimewaka tena. Kwa kuwa nyumba ya Mzee Kashaija ndiyo pekee kitongojini yenye chaneli ya mpira, watu waliketi hadi kwenye mikono ya makochi. Mwenyekiti Byarugaba alikaa kwenye kochi kubwa, mkono wa kulia wa mzee, mahali pake pa siku zote. Leonidas alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Hakuna aliyemsogezea kiti.

Kokugonza alisimama mbele ya televisheni, jambo lililowaudhi wengi.

"Sitawachelewesha," alisema. "Marehemu wawili wa nyumba hii walikufa kwa joto. Joto halikutoka kwenye dishi wala kwenye waya. Kabati lilibanwa ukutani, baadaye matundu yake ya hewa yakazibwa na mtu, na kifaa kiliachwa kinawaka usiku na mchana. Aliyepanda juu ya paa hahusiki."

Byarugaba alikohoa. "Afande, tunashukuru kwa utaalamu. Lakini matundu hayajizibi. Leonidas huingia humu ndani kunywa maji, sote tumemwona. Aliyeziba ni nani, kama si yeye?"

Vichwa vyote viligeuka mlangoni. Leonidas alitazama mikono yake. Alikuwa na muda wa kutosha kusema jina moja, na kila aliyekuwepo aliona kwamba halisemi. Nyuma yake, uani, Nikuze alisikika akiita jina lake mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Mackrine alisimama katikati ya watu. Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akapiga magoti mbele ya kabati, akafungua kufuli. Alilivuta dumu nje, limevikwa blanketi la mtoto, mfuniko wake umelegezwa kidogo. Aliliweka sakafuni mbele ya miguu ya mumewe.

*Fsss*, lilisema dumu.

Watu hawakucheka. Harufu ilifika hadi mlangoni, na mkaratusi haukuweza kitu.

"Niliziba mimi," alisema Mackrine. "Ni rubisi ya Nyakakika. Leonidas alinikamulia kwa sababu nilimwomba, akanyamaza kwa sababu nilimwomba. Mzee, kama ni kufukuza mtu, anza na mimi."

Mzee Kashaija alilitazama dumu kwa muda mrefu. Mechi ilikuwa imeanza. Mtangazaji alitaja majina ya wachezaji na hakuna aliyemsikiliza.

"Kielelezo lazima kipimwe," alisema Byarugaba, ambaye hakupenda kimya. Alichukua kikombe cha chai mezani, akakikung'uta, akamimina, akaonja. Akaonja tena. "Ni rubisi," alithibitisha. "Bado siku moja."

"Leonidas," alisema Mzee Kashaija. "Ulikuwa unajua yote haya?"

"Nilijua, mzee."

"Ukakubali kuvunja nyumba."

"Mama alisema nisiseme. Wewe hukuniuliza kama najua. Uliniuliza kama nimeua."

Mzee Kashaija alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa hesabu za kanisa na kukuta kosa ni lake.

"Mwenyekiti, yale uliyoamua yafute. Hapahapa."

"Yamefutwa," alisema Byarugaba ndani ya kikombe.

"Leonidas, bati zako zirudishe. Nilikutangaza muuaji mbele ya watu hawa, na mbele yao nasema sikuwa na haki." Akageuka kwa mkewe, na hapo sauti yake ilipungua. "Mimi sitalibeba hilo dumu, Mama Edgar. Neno langu nililisema kwa Mungu, si kwako. Lakini Jumamosi nitatangulia mbele ya msafara. Nitakuwa mbali sana mbele."

"Nani atalibeba?" aliuliza Mackrine.

"Linabebwa na mtu wa nyumbani, ndivyo inavyotakiwa. Leonidas, utakwenda nasi Nyakakika. Utaketi upande wetu."

"Na Nikuze," alisema Leonidas.

"Na Nikuze."

Kokugonza alikwenda nyuma ya kabati, akachomoa vitambaa vilivyobaki, akalivuta kabati mbali na ukuta, akaacha mlango wa kioo wazi. Kisha akavaa kofia. Kesi yake ilikuwa imekwisha, na mpira ulikuwa unaendelea.

"Ingia basi," Mzee Kashaija alimwambia Leonidas, ambaye bado alikuwa mlangoni. Alitazama kochi lililojaa, akamgusa Byarugaba begani. "Mwenyekiti, mpishe."

Byarugaba alidhani ni utani. Alitazama uso wa mzee, akaona si utani, akainuka na kikombe chake. Leonidas alipita kati ya magoti ya watu, akaketi mkono wa kulia wa mzee, na mwenyekiti wa kitongoji akatazama kipindi cha kwanza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni.